Laana Niliyokutupia Buchani

Nyambura,

Sikuulizi u hali gani kwa sababu nakusikia. Uko chumba cha pili unavuta zipu ya begi, inakwama, na unaitukana kwa sauti ya chini ukidhani sisikii. Ni Jumapili jioni. Bucha nimeifunga mapema, nimekaa jikoni na daftari lako la zamani la kemia, naandika kwenye kurasa za nyuma ambazo hukuzitumia. Kesho alfajiri unaenda Eldoret kuanza kazi mpya katika maabara ya hospitali. Mambo ya sweta, ya kupika na ya kufunga mlango unayajua, una miaka ishirini na sita. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kikuyu chako cha kusoma ni cha aibu, na hilo pia ni kosa langu.

Nataka kukuandikia kuhusu mkono wangu na mdomo wangu. Mkono ulikupiga na mdomo ukakulaani, yote siku moja, na tangu siku hiyo tumeishi ndani ya nyumba hii tukiongea juu ya chumvi na tokeni za stima.

Wacha niiseme siku ile jinsi ilivyokuwa. Ilikuwa Jumanne, miezi minne iliyopita. Nilikuwa kwenye gogo nikipasua mbavu za mbuzi, shoka mkononi, aproni imelowa damu. Wateja watatu walikuwa kwenye benchi, na Mama Naserian, jirani yetu anayeniletea mbuzi kutoka Kajiado, alikuwa amesimama kando ya mizani. Ukaingia na bahasha ya hospitali. Ulisubiri nimalize ubavu mmoja, kisha ukainama karibu nami ili wengine wasisikie.

"Mum, nimeongea na daktari," ulisema. "Kuna operesheni ya kupunguza matiti. Niko na deti mwezi ujao, lakini bado sijaamua. Nilitaka tuongee kwanza."

Bado sijaamua. Nilitaka tuongee. Hayo uliyasema, na mimi nimeyakumbuka baadaye sana. Siku hiyo nilisikia neno operesheni peke yake. Niliweka shoka chini, na namshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu mkono ulikuwa umeshainuka. Nilikuzaba kofi ukagonga friji kwa bega. Damu ya mbuzi ilibaki shavuni pako, vidole vinne vikionekana wazi. Na hiyo haikunitosha. Nilifungua blausi mbele ya watu, nikatoa titi langu, nikalishika kwa mkono uleule mchafu, nikasema kwa sauti iliyofika hadi kwa fundi wa viatu ng'ambo ya barabara: "Hili ndilo ulinyonya. Ukienda kukata yako, hili likukatae. Na mtoto wako akukatae pia."

Wateja walitoka. Mmoja aliacha nyama yake juu ya mizani na hakurudi kuichukua. Hata vijana wa Kitengela ambao hawajui mila hata moja wanajua kwamba mama akitoa titi na kuapa, hapo mchezo umeisha. Kwetu hilo ni neno la mwisho kabisa, halina lingine juu yake, na kwa Wamaasai ni vilevile. Mama Naserian alijifunika uso kwa shuka. Wewe uliokota bahasha, ukatoka, ukaenda kukaa kwa rafiki yako Kerubo kule Laiser Hill wiki mbili. Deti ilipofika hukwenda. Ulisema umenyimwa ruhusa kazini. Mimi nilijua ni laana iliyokushika, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Sasa nikuambie ilikotoka. Sijitetei. Nataka tu ujue ulipigwa kwa sababu gani, maana mtu akipigwa bila kujua sababu hujitungia yake, na atakayojitungia kwa kawaida humuumiza zaidi.

Umekua ukijua kwamba baba yako alipoteza vidole viwili kwenye mashine ya kukata nyasi za ng'ombe. Ulipokutana naye kwenye mazishi ya cucu, mama yangu, ulishika mkono wake, na jioni ukaniuliza kama ile mashine ilikuwa ya umeme au ya kuzungusha kwa mkono. Nilikujibu kwamba ilikuwa ya mkono. Nyambura, hakukuwa na mashine yoyote. Vidole hivyo nilivikata mimi.

Tulikuwa tunaishi Kimuka. Yeye alikuwa na pikapu, tukinunua kabeji na viazi na kuvipeleka kuuza barabara ya Magadi. Mimi kifua changu kilikuwa hiki hiki, kizito tangu usichana, na baba yako alikipenda kabla ya harusi na kukichukia baada yake. Kila mwanamume aliyekitazama, mimi ndiye nilipigwa. Akisalimiwa na mtu na macho ya mtu huyo yakateremka kidogo, nilijua usiku wangu utakuwaje. Aliniambia ninakibeba kusudi. Aliniambia mwanamke mwenye adabu angejua kukificha. Na mimi, mjinga, nikaanza kukificha. Nilikifunga kwa kitambaa kirefu, nikikaza mpaka mbavu zikauma, nikavaa sweta mbili juani.

Siku moja tulisimama Kona Baridi kunywa chai. Upepo wa pale unaujua. Ulinivuta sweta, na dereva mmoja wa lori akasema jambo kuhusu kifua changu, wenzake wakacheka. Baba yako hakumwambia dereva yule neno hata moja. Alitabasamu naye. Alimaliza chai yake, akanizungusha nyuma ya pikapu, akatoa spana ya magurudumu na kunipiga nayo hapa chini ya shingo. Mfupa ulilia. Wewe ulikuwa mgongoni mwangu, una mwaka mmoja na nusu, na nilichofikiria nikianguka ni kuanguka kifudifudi nisikulalie. Nililamba vumbi na mchanga. Halafu akaniambia nipande gari tusichelewe, na nikapanda.

Huo mfupa uliungana vibaya. Ule uvimbe ambao huwa unauliza, nikikuambia nilianguka kutoka kwenye ngazi, ndio huo.

Miezi mitatu baadaye nilikuwa nyuma ya nyumba nikikata nyasi za nepia kwa panga. Alikuja na mkanda, sijui hata siku hiyo kosa lilikuwa la nani. Alipoinua mkono, na mimi niliinua wangu. Sikulenga vidole. Nitakuambia ukweli wote, nililenga shingo. Alijikinga, na vidole viwili vikaangukia kwenye nepia. Alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mbuzi wala ng'ombe. Nilisimama na panga nikimngoja arudi, nikitaka arudi. Hakurudi. Alikimbia mwenyewe mpaka Ngong akishika mkono kwa shati lake, na huko hospitalini ni yeye aliyetunga habari ya mashine, kwa aibu ya kukatwa na mke. Mimi niliuchukua uongo wake nikautunza. Wiki ileile nilikubeba nikahamia Kitengela, na kazi ya kwanza niliyoipata ilikuwa ya kuosha matumbo kwenye bucha.

Kwa hiyo nilijiambia hivi: nilipigwa kwa ajili ya kifua hiki, nikakimwagia mtu damu, na bado ninacho. Nilitembea nacho mbele mjini Kitengela kama askari. Hakuna mwanamume atakayenifanya nikione ni kosa. Ndipo mtoto wangu mwenyewe, niliyemtoa kule mgongoni, akaja kuniambia anataka chake kipunguzwe. Nilisikia sauti ya baba yako ndani ya mdomo wako. Nilidhani umekubaliana naye. Kofi lile lilikuwa lake, likakupata wewe.

Lakini hata hilo si kosa langu kubwa. Kosa langu kubwa ni kwamba kwa miaka yote hii nilipigania kifua chako na sikuwahi kukuuliza kinakufanya nini.

Unamkumbuka yule dalali wa viwanja. Ulikuwa na miaka ishirini na mbili, umekuja kunisaidia Jumamosi. Alinyoosha mkono juu ya kaunta, akakushika, akauliza na hii mnapima kilo ngapi. Mkono wake wa pili alikuwa ameuweka juu ya gogo. Niliushukia kwa kisogo cha shoka. Nilisikia mifupa ikivunjika mmoja mmoja. Alienda polisi, kisha akaogopa kueleza alichofanya, akaiondoa kesi. Na mimi nikaigeuza kuwa hadithi ya kuuzia nyama. Nimeisimulia mara ngapi? Kwa wateja, kwa akina mama wa kanisa, kwa watu waliokuja kununua matumbo ya kulisha mbwa. Kila mara nikionyesha kwa mikono mahali alipokushika. Na wewe ulikuwa pale, ukifunga nyama kwa gazeti.

Mwaka jana uliniambia jambo. Ulisubiri wateja waondoke, ukasema bila hasira, "Mum, hiyo stori ni yako. Kila mtu hii Kitengela anajua kifua changu sababu yako." Nilikujibu kwamba ningekuacha ushikwe basi, kama hivyo ndivyo unavyotaka. Hukuongea na mimi siku tatu na nikaona una madharau. Leo nikilikumbuka neno lako, natamani kujipiga mwenyewe.

Aliyenifungua macho ni Mama Naserian. Baada ya siku ile ya laana alikaa mwezi mzima bila kuniletea mbuzi. Aliporudi hakukubali hata chai. Alinisalimia kwa Kimaasai, "Takwenya," nikaitikia, halafu akaniuliza kama nimeangalia mabega yako. Nilimuuliza mabega ya nini. Aliniambia siku ile uliinama kuokota bahasha, ukosi ukavutika, akaona mahali mikanda ya sidiria imechimba, pana jeraha na pamekuwa peusi. "Punda wangu akiwa hivyo, mimi simpakii maji," alisema. "Wewe mtoto umempiga."

Nilitaka kumfukuza. Badala yake nilianza kukutazama, ulipokuwa umerudi nyumbani. Niliona jinsi unavyoketi ukiinua kifua kwa mkono mmoja na kukipumzisha juu ya meza. Niliona poda unayopaka chini yake wakati wa joto na vitambaa unavyoficha kufua. Niliona unasugua vidole asubuhi. Na hapo nikakumbuka ile Jumapili uliyoangusha kisu cha kuchuna, kikakita sakafuni kando ya mguu wako, nikakuita mzembe, nikakuambia hata kisu kinakushinda na unataka kushika damu za watu. Ulisema mkono umekufa ganzi. Nilisema ni kulala sana.

Siku hiyo niliyoelewa nilienda buchani nikapiga gogo tupu, bila nyama, mpaka shoka likakwama na sikuweza kulitoa. Fundi wa viatu alikuja kulitoa. Aliniuliza nani ameniudhi, nami nikalipokea shoka nikalitundika.

Kisha nilienda Nairobi kumwona daktari wako. Sikukuambia. Jina lake nilikuwa nimelisoma kwenye bahasha. Ni msichana mdogo, Nyambura, nilitaka kumuuliza mama yake yuko wapi. Alikataa katakata kuniambia lolote kukuhusu, hata kwamba anakujua, nikamheshimu kwa hilo baada ya kumkasirikia. Nikamwambia basi anieleze mambo ya operesheni kwa jumla, kwa mwanamke yeyote. Swali langu la kwanza lilikuwa nyama ikishakatwa wanaipeleka wapi. Alinitazama, akaniuliza ninafanya kazi gani. Nilipomwambia nina bucha, alicheka, na mimi nikacheka, na hasira yangu ikapungua.

Alinichorea kwenye karatasi. Mimi kichwani nilikuwa naona kile ninachokifanya kila siku, shoka na ndoano, kitu kinang'olewa na kutundikwa. Nimekata nyama miaka ishirini na sijui kitu kingine ambacho kisu hufanya. Aliniambia titi linabaki, ni sehemu tu inayoondolewa, na mwenyewe ndiye anasema kiasi gani na ni kwa nini. Aliniambia wengi hupata nafuu ya mgongo, shingo na ganzi ya mikono. Aliniambia pia kwamba kuna kovu, kwamba kidonda kinaweza kusumbua, kwamba pengine hisia hupotea, na kwamba wengine baadaye hunyonyesha na wengine hawawezi, na hakuna anayeweza kukuahidi utakuwa upande gani. Hilo la mwisho lilinichoma. Nilikumbuka nilichokuambia kuhusu mtoto wako, na nikaona nilichagua mahali penye uchungu zaidi nikapiga hapo hapo, bila hata kujua. Nina kipaji cha hilo.

Sikuambii ukatwe na sikuambii usikatwe. Ningekuwa na neno ningelisema, unanijua. Siku nyingine nikikuangalia ukiinuka kitini nasema moyoni wakupunguzie hata leo. Siku nyingine nawaza umelala pale umefungwa bandeji na natafuta wa kumvunja mkono. Yote mawili ni woga wangu. Na naogopa pia kitu kingine, kwamba utaamua kwa ajili yangu. Unaweza kukataa operesheni kwa kuogopa titi langu, na unaweza kwenda kwa hasira, kunionyesha. Mimi nimeishi maisha yangu yote nikimjibu mwanamume mmoja aliyenipiga. Hata Kitengela nilihamia kumjibu yeye, hata shoka nililishika kumjibu yeye, na nilikulea nikimjibu yeye. Usinijibu mimi hivyo. Mwili ni wako, mgongo ni wako, na ganzi ni ya mkono unaotaka kuutumia kazini.

Usidhani nimekuwa malaika. Wiki iliyopita nimemtupia mtu mguu wa mbuzi kwa kuniambia nyama ni ya jana. Hasira yangu iko palepale. Ila nimejifunza inakaa wapi kabla haijafika mkononi. Huanzia hapa kwenye mfupa ulioungana vibaya, hupata joto, na siku hizi nikiihisi hapo natoka nje.

Nilimuuliza Mama Naserian maneno kama yale huondolewaje. Alisema niliyatoa mbele ya watu, niyarudishe mbele ya watu, kisha nikubariki mwenyewe. Jana Jumamosi bucha ilikuwa imejaa. Wateja wawili kati ya wale watatu walikuwepo, na yeye alikuja makusudi. Niliosha mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Nilisimama mahali nilipokupigia, mbele ya friji, nikaweka mkono kifuani juu ya blausi, imefungwa safari hii, nikasema kwamba maneno niliyoyasema hapa nimeyarudisha, kwamba titi hili halina kesi na mtoto wangu, akipunguza yake au asipopunguza, na mtoto wake ampokee. Katikati nilikosea maneno, nikaanza upya. Mtu mmoja mgeni aliuliza nyama ya supu iko wapi, Mama Naserian akamwambia anyamaze. Sikukuambia nilipofika nyumbani. Nilikupita mlangoni nikauliza kama umekula.

Imebaki sehemu yako. Kesho kabla hujabeba begi, nataka usimame hapa jikoni. Nitakutemea mate kifuani, juu ya nguo, mara mbili, jinsi wazee wetu wanavyobariki, kama cucu alivyonifanyia nilipoondoka kwake. Usicheke, na usijifute mpaka ufike nje. Sitakuuliza umeamua nini, kesho wala nikikupigia simu. Ukinihitaji siku ya hospitali, bucha itafungwa na nitakuja. Ukimtaka Kerubo peke yake akae nawe, nitakaa hapa na sitanuna, au nitanuna kimya.

Mikono nitaiweka nyuma. Nimeona unavyoruka nikiinua hata kikombe upande wako. Ukitaka nikushike, uniambie.

Mama yako.